Ngazi ya Tatu

Mama mkwe wangu alikuwa anaamka kabla ya jogoo. Hata uso hajanawa, tayari ameshika ufagio. Alifagia uwanja wote, kutoka ukutani mpaka barabarani, ardhi ikabaki tupu na michirizi ya ufagio ikaonekana kama nywele zilizochanwa. Jani likichomoza, aling'oa.

"Nyasi ni nyumba ya nyoka," alikuwa akisema. "Na mtu hupimwa kwa uwanja wake."

Majirani walimsifu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapo hapo nyumbani, na usafi ule niliuonea fahari. Wateja wangu walivua viatu bila kuambiwa.

Nilipoolewa, mlango wa mbele ulikuwa na ngazi moja. Miaka ikapita, watoto wakawa wanajikwaa wakishuka, mume wangu akaongeza ya pili. Mwaka juzi akaongeza ya tatu.

"Nyumba yetu inarefuka," alitania. "Kesho kutwa tutakuwa ghorofani."

Tulicheka sana. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini.

Mvua za mwaka jana zilitujibu. Zilinyesha siku nne mfululizo. Siku ya nne, saa nane mchana, Mama mkwe alikuja kwangu kuomba sindano. Ndipo tukasikia kishindo. Tulipokimbia kutazama, kona ya chumba chake ilikuwa imelala uwanjani, na kitanda chake kinanyeshewa.

Fundi mwashi alikuja. Hakutazama ukuta, alitazama chini.

"Kujenga naweza," alisema. "Lakini msingi wenu uko nje, unaning'inia. Nikijenga leo, mvua ijayo ukuta utaanguka tena. Na kona ile nyingine imeshaanza ufa."

Kona ile nyingine ni chumba cha watoto.

Mume wangu, mtu asiyeishiwa utani, alikaa kwenye ngazi ya tatu akashika kichwa. "Tumekwisha," alisema. Niliingia ndani nikaanza kuhamisha nguo za watoto, huku nikilia.

Jirani yetu anatunza bustani za zahanati. Tunamwita Mama Reki, kwa sababu reki haimtoki mkononi. Alikuja kutupa pole, lakini badala ya kukaa akachuchumaa kando ya msingi. Akaweka kidole kwenye mstari wa chokaa ya zamani, juu kidogo ya goti.

"Chokaa hii iliishia ardhini?" aliuliza.

"Ndiyo," mume wangu alijibu. "Baba aliipaka mwenyewe."

"Basi udongo wote kutoka hapa kwenda chini umekwenda wapi?"

"Si mvua hizi?"

"Mvua zimemalizia tu. Udongo usio na nyasi hauna wa kuushika. Mizizi ndiyo mikono yake. Ukifagia kila siku, unaulegeza na kuondoa kidogo. Mvua ikija, inabeba uliolegea."

Hakumtazama Mama aliposema hayo. Lakini Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Kwa hiyo ni mimi," Mama alisema. "Marehemu alijenga nyumba hii kwa mikono yake, mimi nimeibomoa kwa ufagio."

"Mama, hukujua," nilimwambia.

"Kutojua hakuzuii ukuta kuanguka, mwanangu."

Hakula siku mbili. Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote. Ya ufagio hakuna aliyetufundisha.

Tukaanza kazi kama watu wanaochimba kaburi. Tulileta udongo, tukaushindilia, tukaupa mteremko ili maji yaukimbie ukuta. Kando ya ukuta tuliacha njia nyembamba ya kokoto.

"Nyasi zisiguse ukuta, zitaleta unyevu," Mama Reki alieleza. "Na nyoka akipita kwenye kokoto, utamwona."

Alituletea nyasi zinazotambaa. Tulizikata vipande vyenye mizizi, tukavipanda shubiri moja kati ya kipande na kingine. Zilipoenea, mume wangu alizifyeka mpaka chini, Mama asiogope. Kila jioni akitoka kazini alizimwagilia. Mwezi haukupita, zikatokea duara za rangi ya kahawia, kila siku zikipanuka.

"Hata nyasi zimenikataa," Mama alisema.

Siku hiyo nami niliamini hatuna bahati. Nilimwita Mama Reki ili tu aone aibu yetu.

"Mbona mmezinyoa upara?" aliuliza. "Na maji mnatia saa ngapi?"

"Jioni," mume wangu alijibu.

"Hapa kwetu kuna joto na hewa nzito. Nyasi zikilala na maji, zinashika ukungu. Mwagilieni asubuhi, jua lizikaushe majani. Sasa zina mizizi, kwa hiyo tieni maji mengi yafike chini, kisha ziacheni siku mbili tatu. Mvua ikinyesha, msimwagilie kabisa."

"Na kukata?"

"Acheni urefu wa upana wa vidole vinne. Gawa jani mafungu matatu, kata moja, acha mawili. Kata zikiwa kavu, kwa fyekeo kali. Fyekeo butu linachana jani, na jani lililochanika huugua upesi."

Tulifuata. Duara ziliacha kupanuka, kisha zikaanza kuziba, polepole mno.

Mvua za mwaka huu zilipofika, hatukuweza kufanya kazi. Tulisimama mlangoni mchana kutwa tukitazama maji. Mwaka jana yalitoka uwanjani mwetu mazito, rangi ya udongo. Safari hii yalitoka meupe. Ukuta wa watoto ulisimama.

Chumba cha Mama bado hatujaweza kukijenga. Analala karibu na cherehani yangu.

Mvua ilipokatika, Mama alitoka na ufagio wake. Mkono umezoea. Alifika ukingoni mwa nyasi akasimama, hana pa kufagia. Akarudi, akafagia ngazi. Ya tatu ilikuwa imefukiwa na udongo mpya.

"Zimebaki mbili," alisema. "Marehemu aliniachia moja."

"Tutaifikia, Mama."

"Ninyi mtaifikia," alisema, akaendelea kufagia.