Mteremko wa Vidole Vitatu

Duka la vifaa vya ujenzi lilifurika watu asubuhi ile, kila mmoja akiegemea kaunta ahudumiwe kabla ya mwenzake. Pimamaji, kile kifaa cha kupimia usawa, ilibaki moja tu, na ilishikwa na mikono miwili kwa pamoja: mmoja una vumbi la mbao, mwingine una udongo kwenye kucha.

"Dada, nimeiona mimi kwanza."

"Kuona si kushika, kaka yangu."

Msichana alivaa ovaroli ya bluu, buti za mpira, na kilemba cha njano alichokifunga kwa madaha kama anayekwenda harusini. Kijana akasahau alichofuata.

"Unajenga?"

"Nasawazisha nyua na kupanda nyasi. Wewe?"

"Natengeneza makabati. Ila mama yangu ana ua, mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka jikoni."

"Basi niachie pimamaji, nije niutazame."

Akamwachia. Ndivyo Fundi Nyasi alivyopata kazi yake ya kwanza isiyo na bosi wa kumsimamia. Na ndivyo Fundi Kabati, aliyekuwa akimsalimu mama yake kwa simu tu, alivyoanza kufika kila jioni.

Fundi Nyasi alikata matuta, akajaza mashimo, akavuta kamba kutoka ukutani mpaka kwenye mfereji wa barabarani. Aliburuta ubao juu ya udongo hadi ukalainika kama unga uliochekechwa.

"Hujachoka, mpenzi?"

"Nikichoka utanibeba?"

"Mpaka kwenu."

Kibarazani, mama akakohoa kwa makusudi.

Jioni moja msichana alikwenda kutafuta vipando vya nyasi. Kijana akabaki peke yake, akautazama ua kwa jicho la makabati. Umeinama. Kwake yeye kitu kilichoinama ni aibu; kabati likiinama, mlango hujifungua wenyewe. Akaona haya kumwambia mpenzi wake kwamba amekosea. Akachukua reki na ubao, akasawazisha mpaka tone la hewa la pimamaji likatulia katikati. Akaenda zake akipiga mluzi.

Alfajiri mvua ikanyesha. Maji yakatuama uani, yakafikiri kidogo, kisha yakaingia jikoni. Ndala za mama zikaelea.

Simu ikalia. "Nani kagusa kazi yangu?"

"Mimi, mpenzi. Ilikuwa imeinama, nikaona nikusitiri."

"Niliuinamisha mimi. Unashuka vidole vitatu kwa kila urefu wa ubao, ili maji yaukimbie ukuta. Sasa majirani watasema nani kaharibu ua wa mama yako? Hata kuniuliza hukuniuliza."

Simu ikakatwa. Akapiga tena, haikupokelewa.

Mama alikuwa akikamua tambara. "Mwanangu, ukitengeneza kabati lako, mimi huja na msumeno?"

"Hapana, mama."

"Basi nenda kwa majirani ukaseme ukweli. Mdomo unao."

Mchana akapiga tena. Safari hii ilipokelewa.

"Nimesimama uani na reki. Sijagusa kitu. Niambie nianzie wapi."

"Majirani?"

"Nimewaambia mlango kwa mlango: fundi alipatia, mharibifu ni mimi. Yule wa kushoto kacheka mpaka kakaa chini."

Msichana naye akacheka; hakutaka, kicheko kikamtoka tu.

"Anzia ukutani," akasema. "Nakuja."

Nyasi ziliposhika, mvua kubwa ilirudi. Walisimama kibarazani wote watatu. Maji yaligusa mguu wa ukuta, yakageuka, yakateremka katikati ya majani mabichi mpaka mferejini, yakaenda zake. Jikoni kulikuwa kukavu.

"Fundi!" jirani wa kushoto akaita chini ya mwavuli. "Na ua wangu lini?"

Fundi Nyasi alijishika kiuno, kilemba cha njano juu. "Panga foleni, jirani. Wapo waliokutangulia."

"Na mimi nimo kwenye foleni?" kijana akanong'ona.

"Ya nini?"

"Ya kuja kwenu. Niwaambie wazazi nataka kumuoa binti yao."

Mama hakukohoa safari hii. Msichana aliyatazama maji yake yakikimbia, akatabasamu.

"Njoo. Ila pimamaji uiache nyumbani. Ua wa baba nao niliuinamisha mimi."