Mishono ya Kiatu Kikubwa

Mgeni alifika asubuhi, Chiriku akiwa anakipaka mafuta Kiatu Kikubwa. Hakuja na gari wala kamera. Alikuja kwa miguu, vumbi limemfika magotini, na mkono wake wa kushoto ameuficha mfukoni.

Kiatu hicho kilikaa mbele ya duka la baba yake Chiriku, kando ya barabara kuu. Kilishonwa kwa ngozi na matairi chakavu, kikawa kikubwa hata watu wazima waliweza kuingia na kuketi ndani. Wasafiri walisimamisha magari, wakapiga picha, wakanunua kandambili, wakaondoka wakicheka. Aliyewasimulia habari zake ni Chiriku, binti aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

"Karibu, mzee!" alianza. "Ukitaka kuniuliza mwenye kiatu yuko wapi, amekwenda kutafuta cha pili!"

Mgeni hakucheka. "Nani alikishona?"

"Baba yangu. Peke yake!"

"Peke yake," mgeni alirudia polepole, kama anayetafuna kitu kichungu. Akapitisha vidole juu ya mshono wa kisigino. "Binti, baba yako hushona kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Hebu lete kiatu chochote alichokishona."

Chiriku akaleta. Mgeni akamwonyesha. Mishono ya baba ililala kuelekea kulia, kama nyasi zilizopigwa na upepo. Kwenye Kiatu Kikubwa, upande wa mbele ulikuwa hivyo hivyo. Lakini kuanzia katikati hadi kisiginoni, mishono yote ililala kushoto. Chiriku alikuwa akiipaka mafuta kila asubuhi, na hakuwahi kuiona.

Mgeni akautoa mkono mfukoni. Vidole vilikuwa vimejikunja, vimekauka.

"Kisu kiliteleza nikikata soli ya kiatu hiki hiki," alisema. "Tangu hapo sijashika sindano."

Fundi, baba yake Chiriku, akatoka dukani na nyundo mkononi. Alipomwona mgeni, uso ulimbadilika.

"Mashoto! Umekuja kutaka nini?"

"Sikuja kutaka kitu. Nilikuwa napita, nikasema nikione."

"Ni mimi niliyekitunza miaka yote hii, mvua na jua!"

"Kukitunza, sawa. Na kukishona?"

Fundi akageuka, akarudi ndani, na nyundo ikaanza kugonga kwa hasira.

Chiriku alimletea mgeni chai, lakini Mashoto alikuwa amekwisha kushika njia. Akamkimbilia. "Mzee! Kila atakayeniuliza nitamwambia mlikuwa wawili. Naahidi."

"Usiahidi usichokiweza, binti. Yule ni baba yako."

"Naahidi," Chiriku alisema tena, chai ikimwagika mkononi.

Ahadi ilipata mtihani wake wiki hiyo hiyo. Afisa wa utalii alikuwa anakuja kupigilia kibao kikubwa barabarani, ili wageni wa mbali wakijue Kiatu Kikubwa. Fundi alikuwa amekingoja kibao hicho kwa muda mrefu, maana siku hizi watu walinunua viatu vya plastiki na duka lilikuwa linakufa taratibu.

"Ukiulizwa, sema kama siku zote," alimwonya bintiye. "Usinitie aibu."

"Lakini baba, mishono..."

"Nimesema!"

Afisa alifika na kibao nyuma ya gari. Majirani wakajaa. "Haya, Chiriku," alisema afisa akitabasamu, "nasikia wewe ndiye redio ya hapa. Tuambie, nani alikishona?"

Chiriku alimtazama baba yake, shati limepigwa pasi, amesimama wima kama bwana harusi. Akatamani ardhi impasukie.

"Walikuwa wawili," alisema. "Baba yangu, na fundi mwingine anayeitwa Mashoto. Njoo nikuonyeshe."

Afisa akaitazama mishono, kisha akamgeukia Fundi. "Ni kweli?"

Kabla hajajibu, kijana mmoja nyuma akasema, "Kumbe nusu ya kiatu ni ya kuazima!" Watu wakaangua kicheko.

"Ni kweli," Fundi alisema, akiangalia chini.

Afisa hakupigilia kibao. Alisema kimeandikwa uongo, jina la Fundi peke yake, akaahidi kurudi na kingine. Hakurudi.

"Umenivua nguo mbele za watu," Fundi alimwambia bintiye, kisha akaacha kabisa kuzungumza naye. Wakati wa kula alipitisha bakuli bila kumtazama. Chiriku alikwenda kulilia nyuma ya duka, ndipo mama yake alipomkuta na kuketi kando yake.

"Lia, mwanangu. Ukweli hauji na zawadi kila mara," mama alisema. "Lakini sikiliza. Jasho la mwenzio ukijipaka, hutaonekana umefanya kazi. Utanuka tu. Baba yako ni fundi hodari, nusu ya kiatu kile ingemtosha kwa heshima. Alipoitaka yote, akapoteza hata nusu yake. Wewe usije ukabeba sifa isiyo yako, hata kama ni nyepesi."

"Baba atanisamehe?"

"Sijui lini. Lakini akikuangalia, anajua ulichosema ni kweli. Hilo ndilo linalomuuma."

Honi ikalia barabarani. Gari dogo lilikuwa limesimama, na familia ikashuka ikikishangaa Kiatu Kikubwa. Chiriku akajifuta machozi kwa kiganja, akaenda. Mlango wa duka ulikuwa wazi. Baba yake aliinama kazini, hatua chache tu kutoka pale.

"Kazi kubwa hii!" alisema mama wa familia ile. "Nani alikishona, binti?"

"Walikuwa wawili," Chiriku alijibu kwa sauti kubwa. "Baba yangu, na Mashoto."

Ndani ya duka nyundo ikanyamaza kidogo. Kisha ikaendelea.