Sahau Kifaa Hiki

Jua lilikuwa linakwenda zake wakati fundi cherehani alipofika dukani kwa wifi yake. Alimkuta amepiga magoti chini ya meza, kichwa hakionekani, akigombana na panya.

"Umeshiba sasa," alikuwa akimwambia huyo panya ambaye hakuwepo. "Umekula waya, njoo umalizie na printa yenyewe."

Alijitokeza mkononi ana waya unaounganisha printa na kompyuta, umegugunwa katikati mpaka shaba inaonekana. Wakautazama wote wawili. Duka la vifaa la jirani lilikuwa limeshafungwa. Kadi za harusi zilikuwa bado zimo ndani ya kompyuta, na asubuhi zilitakiwa ziwe mikononi mwa watu.

"Kadi zimechelewa kwa mengi," alisema fundi, "lakini kwa panya ndiyo kwanza nasikia."

Harusi yenyewe ilikuwa ya huyo wifi. Alikuwa anaolewa na mwalimu wa hesabu, mtu mpole, wa kukohoa kidogo kabla ya kusema neno. Na aliyemsukuma akubali ni fundi huyu huyu, dada wa marehemu mumewe. Watu walishangaa, na wengine walisema pembeni. Yeye hakujali. Kaka yake alikufa, wifi yake hakufa, na hakuona sababu ya kuwazika wote wawili. Kila alipomkuta analia juu ya kibodi alimshika bega akamwambia, "Sahau, wifi. Jaribu kusahau." Alilisema neno hilo kirahisi, kama tunavyolisema sote.

Duka lilikuwa la huyo kaka. Kuchapisha, kutoa nakala, kupiga picha za vitambulisho. Alikuwa mtu wa utani, na nyaya hakuzipenda hata kidogo. Alisema nyaya ni za kufungia mbuzi. Kila kifaa chake alikiunganisha na kingine kwa bluetooth, na kila kifaa alikipa jina. Printa aliiita Bibi Harusi, kwa kuwa kila mtu aliisubiri na yenyewe haikuwa na haraka. Simu yake aliiita Bwana Harusi. Kila asubuhi, skrini ilipoandika neno "Oanisha", alisimama wima, akakunja uso, akatoa sauti nzito: "Leo nawaoanisha, na asiyetaka aseme." Utani ule ule kila siku, na mkewe alicheka kila siku. Mteja akiuliza kama hapo dukani kuna wifi, alimnyooshea kidole dada yake. "Ya mke wangu ni hiyo hapo imekaa. Ila haina kasi."

Fundi alikuwa akimfokea kwa maneno hayo. Sasa angetoa chochote ayasikie tena.

"Tutafanya kama alivyokuwa anafanya yeye," alisema mjane, akijipangusa vumbi magotini. "Panya ametunyima waya, kipanya kitatuokoa."

Alibonyeza kitufe cha printa akakishikilia mpaka taa ndogo ya buluu ikaanza kuwaka na kuzima.

"Ikiwa hivyo inatafuta mwenzake," alimweleza wifi yake, ambaye mashine aliyoijua ni cherehani tu. "Ikitulia, imempata."

"Na wakikataana?"

"Unasahau kwanza. Unabonyeza 'Sahau kifaa hiki', halafu unaanza upya. Kaka yako alisema vifaa vikishaanza kukatikakatika usivibembeleze. Visahauliane, vikutane tena kama wageni. Hapo ndipo vinaposhikana."

Alikaa kwenye kiti, akafungua mipangilio. Kiduara kikaanza kuzunguka kwenye skrini. Inatafuta vifaa vilivyo karibu.

"Karibu kiasi gani?" aliuliza fundi.

"Humu humu. Ikizidi sana, nyuma ya ukuta. Cha mbali hakiwezi kuonekana."

Walisubiri. Nje, mlango wa bati wa kinyozi uliteremshwa kwa kishindo, kisha mtaa ukanyamaza. Mwanga dirishani ulikuwa umegeuka rangi ya majivu, na hakuna aliyekumbuka kuwasha taa. Kiduara kilizunguka... kikazunguka...

Jina likatokea.

"Hilo hapo," alisema fundi, akainama asome vizuri. "Bwana Harusi."

Si Bibi. Bwana.

Simu ile wote wawili waliijua ilipo. Suti aliyozikwa nayo kaka aliishona fundi kwa mkono wake, na enzi za uhai wake kaka mwenyewe ndiye aliyeomba mfuko wa ndani uwe mrefu ili simu isimdondoke. Haikumdondoka; ilibaki mfukoni humo mpaka kaburini. Siku ya mazishi, kila mtu alikuwa na machozi, na hakuna aliyepapasa mfuko. Waliporudi nyumbani ndipo mjane alipoitafuta, akapiga namba yake. Ikaita. Aliipiga tena kesho yake, ikaita. Aliendelea kuipiga mpaka siku ilipoacha kuita, na siku hiyo alilia kuliko siku ya mazishi.

"Itakuwa kumbukumbu ya zamani, imebaki kwenye kompyuta," alinong'ona fundi.

"Kumbukumbu haziji kwenye orodha hii."

"Basi usiiguse."

Mkono wa mjane ulikuwa umeshafika. Alibonyeza Oanisha.

Skrini ilileta namba ndefu, na chini yake maneno: Hakikisha namba hii inalingana na iliyo kwenye kifaa kingine.

"Kifaa kingine kiko..." alianza fundi, akaishia hapo.

Krrr.

Ilikuwa printa. Haikuwa imeunganishwa na kitu chochote. Waya wake ulikuwa sakafuni, umeliwa. Ilivuta karatasi, ikaitafuna polepole, ikaitoa. Katikati ya karatasi palikuwa na namba tu.

Mjane aliiweka kando ya skrini, akapitisha kidole tarakimu kwa tarakimu, kama mtoto anayejifunza kusoma. Karatasi ilikuwa baridi. Harufu ya wino ilikuwepo, lakini nyuma yake palikuwa na harufu nyingine, ya udongo uliofukuliwa sasa hivi.

"Zinalingana," alinong'ona. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anatabasamu.

Alibonyeza tena.

Taa ya buluu ikatulia.

Kwanza ulikuja mkwaruzo kwenye spika ndogo za kompyuta. Kisha pumzi. Kisha, kwa mbali, kama mtu anayesema akiwa amefunikwa blanketi:

"Fu...nga du..."

Fundi alijishika kifua. Kila jioni, miaka yote ya duka lile, kaka yake alimaliza kazi kwa maneno yale yale. Funga duka, mama, twende zetu. Alikuwa na tabia ya kumeza mwisho wa maneno, na aliyekuwa anasema mle ndani aliyameza hivyo hivyo. Fundi aliogopa. Lakini chini ya woga ule alikuwa na furaha, na aliionea haya furaha hiyo.

Printa ikavuta karatasi. Ilikuwa picha. Nywele zilitokea, paji la uso, nyusi zile zilizokutana katikati... Hapo ikakoma. Chini palibaki peupe. Muunganisho umekatika, iliandika skrini.

Ikaanza tena. Nywele, paji, nyusi. Ikakatika.

"Funga du... funga du..."

Karatasi ya tatu ilitoka imelowa pembeni, na ina tope.

"Zima, wifi," fundi alinong'ona. "Chomoa umeme. Huyo anataka uende naye."

"Anakatika tu."

"Wifi..."

"Hatushikani vizuri. Mwaka mzima sijamsikia, nimsikie nusu?" Aliyasema kwa utulivu, macho yasiondoke kwenye skrini. "Ngoja nimsahau kwanza, halafu nianze upya."

Fundi alizisikia sentensi hizo, na mwili ukamsisimka kabla hajajua kwa nini. Angeweza kuushika ule mkono. Kiti na kiti vilikuwa vimegusana. Lakini ukweli ni kwamba na yeye alitaka kumsikia kaka yake vizuri, neno zima mpaka mwisho, hata mara moja tu. Mkono wake ukabaki mapajani.

Ungependa kusahau Bwana Harusi? iliuliza skrini. Sahau. Ghairi.

"Nakuja sasa hivi," mjane aliiambia spika kwa sauti ya chini, kama tunavyomwambia mtu simu inapokwaruza. "Usiondoke hapo."

Akabonyeza Sahau.

Taa ya buluu ilizimika. Mkwaruzo ukakatika. Harufu ya udongo ikaondoka yote mara moja, kama mtu aliyetoka na kufunga mlango.

Kisha printa, taratibu, ikavuta karatasi moja ya mwisho. Nywele. Paji. Nyusi. Macho. Pua. Mdomo umefunguka kidogo, wa mtu aliyekatizwa katikati ya kusema. Picha nzima mpaka kidevuni.

Mjane aliichukua. Fundi alijiandaa kumdaka akizimia.

"Picha imetoka vizuri," alisema, akiigeuzia dirishani apate mwanga. "Ya mteja gani hii?"

Fundi alicheka. Alidhani ni utani, maana nyumba yao ilikuwa ya utani. Kisha akaona uso wa wifi yake. Ulikuwa umekauka machozi, umetulia, umepumzika kabisa. Mwaka mzima hakuwa ameuona hivyo.

"Wifi. Huyo ni marehemu kaka. Ni mumeo."

"Kaka yako?" Mjane aliitazama tena picha, kwa heshima, jinsi tunavyotazama picha za marehemu tusiowajua. "Pole sana. Wala sikujua una kaka."

Aliiweka picha mezani akaigeukia kompyuta.

"Haya, tulikuwa tunatafuta nini vile?"

Bibi Harusi ikatokea kwenye orodha bila usumbufu. Waliunganisha, na kadi zote zilitoka safi, za kupendeza.

Harusi ilifana. Mwalimu alikohoa, akasema ndiyo, na bibi harusi alicheka kwa sauti mpaka watu wakasema Mungu mkubwa, angalia alivyopona. Daktari aliyeulizwa baadaye alisema huzuni ikizidi akili hufunga chumba kizima, na kwamba huenda kikafunguka siku moja, na huenda kisifunguke. Fundi alimwonyesha albamu. Alimpeleka hata kaburini. Wifi yake aliweka maua kwa adabu, akamshika mkono fundi na kumfariji. Usiku ule fundi alilia mwenyewe. Alikuwa ameomba wifi yake asahau, na amesahau. Sasa ule utani wa nyaya na mbuzi ulijulikana na mtu mmoja tu duniani, na utani hauchekwi na mtu mmoja.

Hata hivyo hakuacha kwenda dukani. Jioni moja alikwenda kama kawaida. Waya mpya ulikuwa umechomekwa, mweusi, mnene. Wifi yake alikuwa anafunika kompyuta.

"Printa hii imeanza uchizi," alimwambia. "Bluetooth nimeizima kabisa. Lakini jua likianza kuzama, ona."

Taa ndogo ya buluu ilikuwa inawaka na kuzima. Inawaka... inazima...

"Haya, funga duka, mama, twende zetu," alisema wifi, akiokota funguo.

Fundi aligeuka haraka. Mwenzake alikuwa amesimama, funguo mkononi, machozi yanamchuruzika. Alijifuta kwa kiganja, akayatazama kwa mshangao.

"Vumbi la wino hili," alisema. "Kila jioni." Kisha akatazama huku na huku mezani, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali. "Hivi nikuulize, usinicheke. Kila siku nakuita wifi. Mume wangu hana dada. Wewe ni wifi yangu kwa nani?"

Mwanga dirishani ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. Fundi angeweza kusema ni mazoea tu. Lakini kama na yeye asingelitaja, lingetajwa na nani tena?

Akalitamka jina la kaka yake, taratibu, mpaka mwisho.

Wifi yake alitikisa kichwa, halijui.

Nyuma yao, mezani, taa ya buluu ikatulia.