Nilivyoanika Siri ya Agnes Kanisani

Nina miaka thelathini na tisa, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Modogashe. Wasomaji wenzangu, niliyoyatenda nayaandika kwa aibu...

Mama yangu alipooza upande mmoja huko kwetu Kitui. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Niliomba uhamisho nikamtunze. Miaka miwili nikingoja!

Aliyejua machozi yangu yote ni Agnes, mwalimu mwenzangu, naye wa Kitui. Kila Alhamisi tulisali nyumbani kwake. Naye alinifungulia moyo: tangu azike mtoto wake wa kwanza, aliogopa kushika mimba tena. Alikuwa akidungwa sindano ya kupanga uzazi kwa siri, huku mumewe, Daudi, akifunga na kumwomba Mungu awape mtoto. Niliapa sitasema.

Nafasi ikatokea Kitui, nikaambiwa ni yangu. Nikampigia mama, tukalia sote kwa furaha... Wiki moja baadaye nikasikia anayehama ni Agnes!

Nilisafiri hadi ofisi ya elimu Garissa. Karani akashangaa kuniona.

"Mwalimu, si uliandika kwamba mama yako amepona, huhami tena?"

Akanionyesha barua. Jina langu, sahihi ya kughushi... na mwandiko niliujua! Ndio uleule ulioninakilia nyimbo za kwaya. Agnes? Aliyemwombea mama yangu kwa jina?

Niliporudi nilimweleza mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Abdi, mzee mpole wa hapahapa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Walaal, ndugu yangu, wewe nyamaza kwanza," akasema. "Jumatatu mimi mwenyewe naenda Garissa. Haki yako itarudi, inshallah. Lakini usigombane na yeye."

Ninyamaze? Mimi niliyeibiwa? Niliona upole ni ujinga!

Jumapili mchungaji alihubiri juu ya upole, na Agnes, viti viwili mbele yangu, akaitikia "Amina!" kwa sauti kubwa. Sikuweza kuvumilia tena. Nilisimama nikaeleza habari za barua. Watu wakaguna, wakamgeukia. Kama ningeketi hapo! Lakini hasira ilikuwa tamu mdomoni...

"Na wewe Daudi, acha kufunga!" nikapiga kelele. "Mkeo anadungwa sindano asikuzalie!"

Daudi alimtazama mkewe. Agnes akajifunika uso kwa leso. Daudi akainuka, akatoka nje taratibu kama mgonjwa.

Kesho yake habari zilikuwa zimefika ofisini kabla ya Mwalimu Abdi. Tuliitwa sote wawili kwenye kamati ya nidhamu, na nafasi ile akapewa mtu mwingine.

"Nilikuwa nimeshakuandikia barua ya kukutetea," Mwalimu Abdi aliniambia kwa huzuni. "Sasa nitawaambia nini?"

Miezi miwili baadaye mama akafa. Majirani ndio waliomfumba macho. Mimi nilimkuta mochwari...

Daudi alihamia Wajir, hakurudi tena kwa mkewe. Baada ya mazishi nilikwenda kwa Agnes kumwomba msamaha. Naye aliniomba. Hakunigombeza. Afadhali angenipiga!

"Mimi nilidanganya, na uongo ule ungerekebishwa," akasema. "Wewe ulisema ukweli. Huo nitaurekebishaje?"

Swali hilo ninalibeba hadi leo.

Alinisaliti, ndiyo! Bado inaniuma, na kuna siku jina lake linanikereketa kooni. Lakini kuniibia kwake hakukunipa ruhusa ya kumvua nguo mbele za watu. Nimeimba nyimbo za upole tangu utotoni, bila kujua kwamba mtu mpole pekee katika kisa hiki, Mwalimu Abdi, ndiye peke yake aliyekuwa akinipigania.

Ndugu yangu, dada yangu, umesalitiwa leo? Unayo siri ya aliyekuumiza? Nakusihi, itafute haki yako, lakini siri yake imeze! Na kama Jumapili itakukuta moyo bado unachemka, baki nyumbani ulie mbele za Mungu. Acha watu waulizane uko wapi...