Aliyeitwa Kutoka Kisimani

Vijana mezani walikuwa watano, lakini dadu ilisikika ikibiringika mara sita.

Mkutubi aliinua macho. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, katika chumba cha nyuma cha maktaba, chenye meza moja ndefu na feni inayokoroma kama mgonjwa. Kwa mwaka mzima alikuwa akiwachezesha hapo vijana wa mtaani mchezo wa kusimulia. Kila kijana alijitungia mhusika wake na kumwandika kwenye karatasi: huyu askari, yule mwizi. Mkutubi alisimulia safari yao na kuwasemea wote waliokutana nao njiani. Kijana akitaka kuruka shimo au kupigana na zimwi, alirusha dadu, na dadu ndiyo iliyoamua. Wazazi walicheka mwanzoni. Walipoona watoto wameacha kuzurura, wakanyamaza.

Dakika chache nyuma, wahusika walikuwa wamefika penye kisima kikavu. Kinda, binti wa kaka yake mkutubi, msichana wa miaka kumi na tano, alitaka kuchungulia ndani.

"Humo mna nani, shangazi?"

Mkutubi, ambaye akinogewa na hadithi hujisahau, aliinamia meza akaita kwa sauti nzito: "Wewe uliye chini, panda. Huku juu nafasi ipo."

Hapo ndipo wote watano waliporusha dadu, na ya sita ikafuata.

"Nani karusha mara mbili?" aliuliza.

Walitazamana. Kijana waliyemwita Miwani, asiyekosa la kusema, alinong'ona, "Labda mkaguzi wa maktaba." Hakuna aliyecheka. Chumbani palikuwa pamejaa harufu ya udongo mbichi, ule wa chini kabisa usiojua jua. Mkutubi alisema saa zimekwenda, akafunga daftari.

Jumanne wifi yake alimpigia simu. Alizungumza kama mtu aliyejificha chooni, na kweli alikuwa chooni.

"Wifi, njoo umwone mtoto. Nikimwita haitiki. Ananiambia, 'Kinda ameshuka, mimi nimepanda.'"

Mkutubi alimkuta Kinda sakafuni, uso ukutani. Kando yake palikuwa na ndoo tupu ya maji ya kunywa. Alikuwa ameimaliza peke yake tangu asubuhi. Alikuwa akirusha mkono, na mkono haukuwa na kitu, lakini kila aliporusha, dadu ilisikika ikibiringika kwenye saruji mpaka ikatulia.

"Kinda, mwanangu," mkutubi aliita.

"Endelea na hadithi," sauti ilijibu, nzito, tulivu, yenye mwangwi wa mahali pa kina. "Umeniacha mlangoni."

Hospitali walimpima, wakasema damu ni safi, wakampa vidonge vya usingizi. Hakulala. Ndipo kaka mtu akawapeleka kwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye maneno machache, ambaye watu walimwendea kwa mambo ya namna hii.

"Ulimwita wewe?" mkunga aliuliza.

"Ulikuwa mchezo tu, mama."

"Kwenye mlango hakuna mchezo. Anayekaribishwa huingia." Alimshika kifundo cha mkono. "Atatoka kwa njia aliyoingilia. Utamsimulia mpaka ashuke. Lakini sikiliza vizuri: atakuomba kitu. Usimwahidi. Hawa ahadi kwao ni kamba."

Jumamosi vijana wengine walizuiwa kuja. Mezani walikaa mkutubi, Kinda katikati ya mama yake na mkunga, na feni ilizimwa ili kila neno lisikike. Mkutubi alianza kusimulia. Alisimulia njia ya kurudi kisimani, majani yaliyokauka, kingo za mawe, kamba inayoteremka. Na kadiri alivyosimulia chumba kilizidi kuwa baridi, na harufu ile ya udongo ilipanda kutoka chini ya meza ikamwingia puani na kinywani mpaka akahisi anatafuna mchanga, na hakuthubutu kunyamaza, maana kila alipovuta pumzi yule aliyekaa ndani ya Kinda alisogeza uso karibu zaidi kama mtoto anayeogopa hadithi isiishe.

"Ameshika kamba," mkutubi alisema. "Anashuka."

"Chini hakuna hadithi," sauti ilisema. "Nikishuka, nani atanisimulia?"

Mkunga alitikisa kichwa polepole. Mkutubi aliuma mdomo asiahidi. Na katika ukimya huo, kutoka chini kabisa ya sakafu, mbali mno, walisikia msichana akilia.

"Shangazi. Shangazi, huku kuna giza."

Wifi alijifunika uso kwa kanga. Mkutubi alimtazama mkunga, akaona kwamba mkunga amekwisha kujua atakachosema.

"Mimi," mkutubi alisema. "Mimi nitakusimulia. Kila Jumamosi. Mrudishe mtoto."

Kinda alianguka kifudifudi mezani. Alipoinuka, kucha zake zilikuwa zimejaa udongo, akamwambia mama yake ana njaa. Wifi alimkumbatia kwa nguvu hata mtoto akalalamika. Mkunga alikusanya vitu vyake bila kumwangalia mkutubi. Mlangoni alisema tu, "Basi usichelewe."

Kinda alirudi shuleni na hakumbuki kitu. Miwani alikuja mara mbili kuuliza watacheza lini. Mkutubi alimwambia chumba kina unyevu, kimefungwa. Wenzake kazini wanajua kwamba Jumamosi alasiri hujifungia huko nyuma, na wanadhani anaandika kitabu.

Mwezi uliopita, Jumamosi moja, alishikwa na homa kali, akabaki kitandani. Saa kumi simu ililia.

"Wifi," sauti ilinong'ona, "Kinda haitiki tena."

Alijizungushia blanketi akatoka hivyo hivyo. Alifungua chumba, akaketi, akafungua daftari. Ng'ambo ya meza kiti kilivutwa taratibu.

"Nisamehe," alisema. "Tuliishia wapi?"

Akaambiwa.