Saa Iliyonguruma Kabatini

Rafiki yangu fundi saa si mtu wa kuogopa kivuli chake. Mchana mmoja mjane alimletea saa ya kifahari ya marehemu mumewe, iliyoundwa kama injini ya gari, yenye pistoni ndogo kama punje za mchele.

"Inanguruma kabatini, mwanangu. Isimamishe tu."

Fundi akaipeleka chumba cha nyuma kisicho na dirisha, akaitoa springi inayoiendesha. Pistoni zikasimama. Mara umeme ukakatika, na gizani akasikia injini ikiwaka, kisha mtu akikohoa karibu yake.

"Mama, ni wewe?"

"Mimi niko huku mbele, mwanangu."

Akawasha tochi ya simu. Kioo cha saa kilikuwa kimeingia ukungu, na kwa ndani kidole kilikuwa kinaufuta polepole.