Mpaka Manchester Ichukue Ubingwa

Upepo wa Dodoma mwezi wa tisa haumwachi mtu atulie. Siku hiyo sokoni Sabasaba ulikuwa unainua vumbi, unapeperusha magauni ya mitumba kwenye kamba, na wauza nyanya wameshika maturubai yao kwa mikono miwili. Scolastika alikuwa kwenye kibanda chake cha kushona, mguu juu ya pedali ya cherehani, kanga kaifunga kichwani mpaka karibu na nyusi ili mchanga usimwingie. Alivaa gauni la kitenge cha njano alilolishona mwenyewe. Lilimkaa vizuri kiasi kwamba wateja wengine hawakuhangaika kueleza wanachotaka, walimnyooshea kidole tu wakasema, nishonee kama hilo.

Kijana mmoja mrefu akaingia akikimbia vumbi, akasimama katikati ya vitambaa kama mtu aliyekosea nyumba. Suruali yake ya kazi ilikuwa inametameta unga wa aluminiamu. Mkononi alishika jezi nyekundu iliyopauka.

"Dada, habari za kazi."

"Nzuri. Usikanyage huo mfuko, kuna gauni la bibi harusi humo."

Akaruka pembeni. "Nimeambiwa hapa mnaweka majina kwenye jezi."

"Tunaweka. Jina lako?"

"Si langu. Andika Edwards."

"Edwards ndiye nani, bosi wako?"

"Mchezaji wa Manchester. Wa zamani."

"Zamani ya lini?"

"Alikufa mwaka hamsini na nane."

Scolastika akaondoa mguu kwenye pedali. "Kaka, mwaka huo hata mama yangu hajazaliwa. Unataka kutembea na marehemu mgongoni?"

"Ungejua alivyokuwa usingesema hivyo. Kaanza kuchezea timu ya wakubwa ana miaka kumi na sita. Ndege yao ikaanguka Ujerumani wakati wa theluji, wakafa wachezaji wanane. Yeye ndiye wa mwisho kufa, kahangaika hospitali wiki mbili na siku moja. Ana miaka ishirini na mmoja tu. Wazee waliomwona wanasema hajatokea mwingine."

"Wazee gani, wa Nzuguni?"

"Wa Uingereza huko."

"Na wewe umewasikia kwa sikio gani?"

Kijana akacheka, meno yakaonekana meupe kwenye uso wa vumbi. Alisema anaitwa Gabrieli, ni fundi wa madirisha ya aluminiamu, kazi zake ni huko Mtumba kwenye majengo ya serikali. Historia hizo alipewa na kaka yake, na jezi ni ya kaka yake. Kisha akatazama dirisha la kibanda linavyogongagonga, akaligusa, akaguna.

"Hili nani kakufungia?"

"Fundi."

"Huyo hakuwa fundi. Kesho nakuja na mpira wa kukazia kioo."

Kesho yake akaja kweli. Akafunga mpira kuzunguka kioo, dirisha likanyamaza. Scolastika alikataa aondoke bila chai, na alipokunywa chai akasahau kuondoka.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kila jioni alipokuwa anaosha vyombo nyumbani kwao Miyuji, simu ilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, na sauti ya Gabrieli ikatoka humo na vijana wa Manchester wote.

"Skola wangu, leo nikupe ya mbwa."

"Mbwa tena?"

"Zamani timu ilikuwa ya wafanyakazi wa reli, inaitwa Newton Heath, jezi zao kijani na dhahabu. Ikafilisika. Wakafanya mnada wa hisani, na nahodha ana mbwa wake mkubwa, kamfunga kikopo cha mchango shingoni. Mbwa akapotea. Inasemekana aliyemwokota alikuwa tajiri wa bia, na kwa sababu ya mbwa yule wakajuana, tajiri akaikomboa timu. Ndipo ikaitwa Manchester United."

"Kwa hiyo mnaabudu mbwa."

"Tunamheshimu."

"Haya. Na hao wachezaji watatu waliojengewa sanamu nje ya uwanja wenu, wewe ni nani kati yao? Usiniambie Best, huyo ulisema alikuwa mzuri wa sura na hatulii nyumbani."

"Mimi Charlton. Alipona kwenye ndege ile, akacheza miaka na miaka bila makuu, akachukua kombe la Ulaya. Mtu mwaminifu."

"Ulisema pia alikuwa na kipara."

"Changu kiko njiani, mpenzi. Vumilia."

Mama yake Scolastika, Mama Anastazia, alikuwa Msandawe wa Chemba. Akizungumza na dada zake kwa simu, ulimi wake ulidunda kinywani kama kokoto kwenye kibuyu. Gabrieli, Mgogo wa Hombolo, alijaribu siku moja kumwamkia kwa lugha hiyo. Mama akacheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu, umeniita kitu ambacho hakipo duniani," alisema akifuta machozi. "Nisalimie kwa Kiswahili, nitakuelewa."

Alimpenda. Lakini alikuwa mama, na Krismasi ilipopita akamuuliza binti yake jambo ambalo kila mama huuliza. Scolastika naye akamuuliza Gabrieli.

"Unamleta lini mshenga?"

"Mwezi wa tano," alisema. "Mwezi wa tano ukiisha vizuri, naleta."

Mama Anastazia alipoambiwa alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mwezi wa tano watu wanavuna mtama na uwele, ghala linajaa, ndipo wakulima wenye akili wanapopeleka posa. Akaona kijana kalelewa. Akaanza kutunza kuku wawili asiowagusa. Hakuna aliyefikiri kwamba kuna mavuno mengine yanayohesabiwa mwezi huo, huko Uingereza, na kwamba Gabrieli alikuwa anayatazama hayo.

Mwezi wa tano ukaja na baridi yake. Mshenga hakuja. Gabrieli akawa hatulii. Akija kibandani anasimama, anakaa, anachungulia nje, anashika mkasi anaurudisha.

"Una nini wewe?"

"Sina kitu, mama."

"Mama yako yuko Hombolo. Mimi naitwa Scolastika, na nimekuuliza una nini."

"Nipe mpaka mwakani. Mwezi wa tano mwakani."

Scolastika akakanyaga cherehani, ikanguruma.

Juma lile lile akaja mteja, Loisi, kijana mwenye maneno mengi wa Nzuguni, kuleta jezi za tawi lao la Manchester zishonwe nembo. Akaona picha ya Gabrieli kwenye simu iliyokuwa juu ya meza.

"Huyu unamjua, dada? Huyu ni bwana harusi wa milele."

"Kwa nini?"

"Aliapa pale bandani tunapotazamia mpira, mbele ya tawi zima. Hataoa mpaka Manchester ichukue tena ubingwa. Mwaka elfu mbili na kumi na tatu huo, tumetoka kuchukua, kila mtu anajua mwakani tunachukua tena. Mpaka leo, kila mwezi wa tano ligi inaisha tuko mikono mitupu." Loisi akajipiga paja. "Mzee Ferguson, kocha wetu, kastaafu na ndoa ya mwenzetu."

Scolastika alisubiri Loisi aondoke. Kisha akapiga simu.

"Gabrieli, wewe umeapa kutokuoa?"

Gabrieli akaanza kukohoa.

"Nauliza. Umeapa?"

"Niliapa. Lakini Skola, si hivyo unavyo..."

"Mama yangu anatunza kuku. Kila asubuhi anawahesabu ili awachinjie wageni wako. Na mimi nimefungwa kwenye timu ya watu ambao hawajui hata Miyuji iko wapi. Wakikosa penalti, mimi ndiye nazeeka."

"Kuna jambo sijakwambia."

"Niambie."

Alivuta pumzi, ikasikika. Akaishia kuomba msamaha. Scolastika akakata simu, akaizuia namba yake. Jioni akampigia mama mdogo wake wa Arusha, yule mwenye kiwanda kidogo cha kushona sare za shule, akamwambia ile nafasi ya kazi aliyoahidiwa anaitaka, atakwenda baada ya kumaliza kazi za wateja.

Kazi za wateja zilimchukua mpaka mwezi wa nane. Upepo ulikuwa umerudi, na kwenye stendi wachuuzi walishaanza kupanga zabibu kwenye ndoo. Begi lake lilikuwa limefungwa. Asubuhi ya Jumamosi akaja kibandani mzee mmoja wa makamo, suruali ya kaki, shati jekundu limepigwa pasi mpaka kola.

"Mbukwenyi," alisema kwa Kigogo, kisha akacheka. "Habari za hapa, mwanangu."

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mimi naitwa Batholomeo, mwenyekiti wa tawi la Nzuguni. Nimefuata jezi zetu. Na nimefuata lingine, ukinipa kiti."

Akampa kiti.

"Loisi kaniambia alichokuambia. Hakukuambia yote, kwa sababu wakati ule alikuwa mgeni kwetu. Walioapa walikuwa wawili. Gabrieli na kaka yake Noeli, wamekaa benchi moja, wameshikana mikono, wanacheka. Haoi huyu wala yule mpaka tuchukue tena. Mwaka haujaisha, lori likamuua Noeli njia ya Singida."

Scolastika aliweka mkasi chini polepole.

"Sisi tawi tulishamfungulia zamani," mzee aliendelea. "Tulimwambia, kijana, ule ulikuwa mzaha, oa. Anatujibu aliyeapa naye hayupo, nani atamfungulia? Nafasi ya Noeli benchini hakai mtu. Akija mgeni anaambiwa ahamie kwingine. Nimemzika yule kijana kwa mikono yangu, lakini huyu aliyebaki ndiye ananisumbua."

"Kwa nini hakuniambia mwenyewe?"

"Hajawahi kumwambia mtu. Anahadithia waliokufa Ujerumani, wa nyumbani hamtaji."

Jioni ile Manchester walikuwa wanacheza. Scolastika alivaa lile gauni lake la njano, akapaka mafuta mikono iliyokauka kwa upepo, akapanda bodaboda mpaka Nzuguni. Banda lilikuwa la mabati na maturubai, jenereta linaunguruma nyuma, ndani giza na joto la watu. Alilipa kiingilio mlangoni. Wanaume waligeuka kumtazama, na mazungumzo yakapungua moja moja. Gabrieli alikuwa benchi la mbele, kakonda, kando yake nafasi ya mtu mmoja.

Scolastika akaenda akakaa pale.

Banda zima likanyamaza, likabaki jenereta na mtangazaji.

"Hapo hapakaliwi," alisema Gabrieli, sauti chini. Kisha akageuka akaona ni nani. "Skola. Inuka hapo."

"Nimelipa kiingilio kama wengine."

"Hujui hapo ni pa nani."

"Najua. Baba Batholomeo kaniambia. Nimekuja kumpa pole mwenye nafasi, kwa kuwa wewe ulininyima nafasi ya kukupa pole."

Akainuka Gabrieli, akapita kwenye magoti ya watu akatoka nje. Scolastika hakumfuata. Alibaki ametazama televisheni bila kuona mpira, akijua kwamba huenda ameharibu kila kitu. Nje upepo ulipiga turubai. Gabrieli alizunguka banda lote, akazunguka tena, akapiga teke jiwe. Wapinzani wakafunga bao, watu wakaguna kwa pamoja, na kwenye mguno ule akarudi, akasimama mbele yake akiziba televisheni.

"Toka mbele, fundi," mtu alisema nyuma.

"Kaa basi," Scolastika alimwambia.

Akakaa. Walikaa begani kwa bega, macho mbele, kama watu wasiojuana.

"Ile ndege ilipoanguka," Scolastika alianza kwa sauti ya chini, "mechi yao iliyofuata ilikuwaje? Hiyo hujanihadithia."

"Mechi gani?"

"Si walicheza tena? Au timu ilifungwa?"

"Walicheza. Wiki mbili hazijatimia. Kocha Busby bado yuko hospitali, msaidizi wake akaokoteza watoto wa akiba na wawili wa kununua haraka. Kile kijarida cha mechi kilichapwa upande wa Manchester bila majina. Nafasi kumi na moja wazi, kwa sababu hakuna aliyejua nani atacheza."

"Wakacheza wangapi?"

"Kumi na moja. Wakashinda tatu bila."

"Hao watoto walipokaa kwenye zile nafasi, waliitwa wezi?"

Gabrieli aliinama, akaweka uso kwenye viganja, mabega yakatikisika. Hakuna aliyemcheka. Mzee Batholomeo alikuwa benchi la nyuma, akajifanya anarekebisha saa yake.

"Mimi sikutaka kumtoa Noeli," Scolastika alisema. "Lakini Jumatatu kuna basi la Arusha, na begi langu limefungwa. Siwezi kumsubiri mtu anayemsubiri mtu asiyerudi. Niambie sasa, nikiwa nimekaa hapa."

Gabrieli alifuta uso kwa mkono wa shati. "Angekucheka," alisema mwishowe. "Noeli. Angesema huyu mwanamke anatazama mpira kama yuko kanisani." Akavuta pumzi. "Usiende Arusha."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu kesho baada ya misa namleta mshenga. Sitangoja mwezi wa tano wowote."

"Mshenga nani?"

"Mimi hapa," alisema mzee Batholomeo kutoka nyuma, "ila tafadhali tumalizie mpira kwanza."

Mpira ukaisha, Manchester wakafungwa mawili. Hakuna aliyeondoka na huzuni sana.

Jumapili mzee alifika Miyuji na shati lake jekundu. Mama Anastazia alichinja kuku wote wawili, na akamwuliza swali moja tu, kijana huyu ana kiapo kingine chochote alichokificha. Mzee akasema hana, yeye ni mwenyekiti, angejua.

Jioni Scolastika alifungua begi, akatundika nguo zake moja moja, simu kaibana kwa bega.

"Gabi."

"Nipo, mpenzi."

"Na siku Manchester wakichukua?"

"Siku hiyo nitakwenda Hombolo, makaburini, nimwambie Noeli. Nimwambie pia kwamba sikumngoja."

"Utakwenda na nani?"

"Nitakwenda na wewe, kama utakubali."

"Nitakuwa mzee."

"Nitakushika mkono."

Scolastika akacheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa tano, na mama yake akaita kutoka jikoni kwamba aache simu, kuna vyombo vya wageni.